Kambare Mwenye Kifungo cha Koti

Alikuwa na miaka arobaini na moja na bado mtaa mzima ulimwita Fundi Mdogo, kwa sababu Fundi Mkubwa, baba yake, alikuwa hai, amekaa kwenye benchi mlangoni mwa duka, akikagua kila nguo inayotoka. Miguu ya mzee ilikuwa imemgomea, huu ukiwa mwaka wa tatu. Macho hayakugoma, na ulimi ndio kwanza ulizidi kupata nguvu. Binti alishona, baba alisimamia, na muda mwingi walibishana kuhusu vifungo.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Fundi Mdogo alishona kifungo kama mafundi wengi wanavyoshona, nyuzi mbili zikipishana katikati, akazungusha uzi shingoni mwa kifungo, akakata, akaenda zake. Fundi Mkubwa alikuwa na mtindo wake aliouita mguu wa kuku: nyuzi tatu zinatoka kwenye tundu moja na kila mmoja unakwenda kwenye tundu lake. Alisema hata mmoja ukikatika, mbili zinabaki kazini. Hakuna fundi mwingine pale mjini aliyeshona hivyo, maana ulikula muda, na binti alishamwambia mara mia kwamba mteja haangalii kifungo kimeshonwaje, anaangalia kama kipo.

Hapo ndipo mzee alipokuwa akinyamaza, kwa sababu nyuma ya cherehani, kwenye msumari, lilining'inia koti ambalo kifungo chake kimoja hakikuwepo.

Koti la kijivu, kitambaa kizito, bitana safi, vifungo vikubwa vya kahawia vyenye mviringo wa njano. Vilitakiwa sita, vilikuwepo vitano. Lilikuwa limekaa pale miaka kumi na miwili. Mwenyewe alikuwa karani wa kituo cha mabasi, mtu mrefu, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni na asiyejua mzaha. Siku alipokuja kulichukua alihesabu vifungo kwa kidole, akauliza cha sita kiko wapi. Fundi Mkubwa hakuwahi kumdanganya mteja hata kuhusu siku ya kumaliza nguo, jambo ambalo kwa fundi cherehani ni karibu na muujiza. Akamjibu ukweli wake: kiko bwawani, kwenye pezi la kambare.

Akamweleza vizuri kabisa. Jana yake alikwenda kuvua na vifungo vya koti vikiwa mfukoni mwa shati. Alimvua kambare mkubwa kuliko yeyote aliyepata kuonekana katika bwawa lile. Akampima kwa futi yake ya kazi, inchi arobaini na tisa. Kisha akamshonea kifungo kimoja kwenye pezi la mgongoni kwa uzi wa mshipi, ule usiooza, akamwachia aende. Kifungo kingine cha aina ile hakikupatikana tena dukani.

Karani akamuuliza ni kwa nini mtu mwenye akili timamu amwachie samaki wa kulisha mtaa. Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Karani akaliacha koti kwenye msumari, akaenda kuwasimulia abiria, na kabla jua halijazama Fundi Mkubwa alikuwa amepata jina jipya: Mzee Kifungo. Siku zile watu walikuwa hawajaanza kutembea na kamera mifukoni, kwa hiyo mwongo na mkweli wote walikuwa na silaha moja tu, mdomo.

Na tusifichane, hata binti yake hakumwamini. Aliona baba amepoteza kifungo na amejificha nyuma ya hadithi. Siku moja wateja walipokuwa wakimsimanga mzee, binti naye akacheka nao, tena akacheka mpaka akashika mbavu, na alipogeuka alimkuta baba amesimama mlangoni na kitambaa begani. Mzee alichukua mkasi, akaendelea kukata. Fundi Mdogo alitamani kuomba radhi siku ile, akaahirisha hadi kesho, na kesho ile ilikuwa imefika miaka kumi na moja.

Miguu ya mzee ilipogoma, fimbo yake ya kuvulia ilibaki pembeni mwa kabati, naye akawa anaitazama kuliko alivyotazama chakula. Ndipo binti alipoichukua. Mwanzoni alikwenda bwawani ili mzee asizidi kunung'unika. Baadaye alikwenda kwa sababu ilimkolea. Wiki nzima akiinamia cherehani, siku ya mapumziko alfajiri yuko ukingoni mwa maji, futi ya kupimia bado shingoni kwa mazoea, kopo la minyoo pembeni. Perege wawili watatu, kambare wa ukubwa wa mkono, basi. Mumewe, dereva wa lori aliyeonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi, alikuwa akisema ameoa mvuvi bila kuambiwa.

Siku tunayoizungumzia, hadi saa sita mchana hakuwa amepata kitu. Alikuwa ameshafunga vitu vyake, amebakiza kuvuta mshipi, mshipi ukakataa. Akadhani umenasa kwenye kisiki. Akavuta tena. Kisiki kikaondoka, kikaenda zake kuelekea katikati ya bwawa, na fimbo ikapinda hadi ncha ikanywa maji.

Fundi Mdogo alipiga ukelele ambao hakuujua kuwa ni wake. Kandambili moja ilibaki kwenye tope. Alikimbia ukingoni akifuata mshipi, akaulegeza, akauvuta, akaulegeza tena, mikono inamwaka moto, na huku anaongea peke yake kama anayembembeleza mteja mkorofi: taratibu, ndugu yangu, taratibu, hatujaelewana bado. Mlinzi wa bwawa alitoka kwenye kibanda chake na kikombe mkononi, akasimama pale pale, chai ikamwagika yote asijue.

Ilichukua karibu nusu saa. Kambare alipokuja juu, kwanza zilitokea sharubu, ndefu kama kamba za viatu, kisha kichwa kipana kama beseni, kisha mgongo, na mgongo haukuisha upesi. Wakamvutia kwenye maji haba, mlinzi akamzuia kwa miguu, na Fundi Mdogo akanyanyua rungu. Furaha ilimjaa mwili mzima. Alishawaza njia yote ya kurudi nyumbani, samaki begani, watu wakitoka milangoni.

Rungu likabaki hewani.

Kwenye pezi la mgongoni, karibu na nyama, kulikuwa na kitu cha mviringo kilichoota ukungu wa kijani. Alikipangusa kwa kidole gumba. Kabla hajaitambua rangi, aliutambua mshono. Tundu moja, nyuzi tatu. Mbili zilikuwa zimekatika, vimebaki vipande vyake tu, lakini mmoja ulikuwa umeshika kazi. Chini ya ukungu, kahawia, na mviringo wa njano.

Akaketi kwenye tope kama mtoto. Alicheka, akalia, akacheka tena, na mlinzi akamuuliza kama ameumwa na kitu. Fundi Mdogo akamwambia akitazame kile kifungo. Mlinzi akakitazama, akasema maneno ya kumtaja Mungu, kisha akasema lazima samaki yule atakuwa na uzito wa mbuzi wawili. Huyo ndiye aliyekuwa shahidi pekee, na shida ya shahidi huyo ni kwamba alijulikana kwa kutia chumvi. Wiki iliyopita tu alikuwa ameapa kwamba amemwona chura mwenye ukubwa wa mto wa kulalia.

Sasa hapo ndipo akili ilipoanza kumzunguka Fundi Mdogo. Akimuua kambare, atakwenda naye mjini na kila mdomo utafungwa, lakini baba atapelekewa mzoga wa kitu alichokiacha hai kwa makusudi. Akimwachia, atarudi nyumbani mikono mitupu na maneno matupu, na mtaa utapata watu wawili wa kucheka badala ya mmoja. Na baba hatamwona. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma zaidi. Baba lazima amwone.

Chini ya ukuta wa bwawa kulikuwa na tangi la saruji, refu kuliko kitanda, ambamo maji yalipumzika kabla ya kuingia kwenye mabomba ya mji. Wakambeba kambare kwenye gunia lililoloweshwa, wakamtia humo. Akazunguka mara mbili, akatulia chini, sharubu zikipapasa ukuta. Mlinzi akamtahadharisha kwamba saa kumi kamili lazima afungue mlango wa maji, kazi yake iko hatarini, na mlango ukifunguka samaki atavutwa hadi kwenye wavu wa chuma na atapondwa. Fundi Mdogo akamuuliza kama anaweza kumwamini asimguse. Mlinzi akasema anaweza, ila alisema huku akimtazama kambare na kumeza mate.

Saa ilikuwa saba kasoro robo. Alikimbia, mguu mmoja na kandambili, mwingine peku.

Alimkuta baba benchini, akamwambia yote kwa pumzi moja. Mzee alimsikiliza bila kupepesa. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Nyuzi ngapi zimebaki?"

"Mmoja, Baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyeletewa nguo yake ya zamani irekebishwe. Halafu akaanza vituko. Hawezi kutoka na shati hili. Kofia yake iko wapi. Sindano ipo, ameichomeka kwenye ukosi kama siku zote, lakini miwani je. Na koti, lile la msumarini, liende nao. Binti alikuwa ameshaazima mkokoteni wa muuza mkaa wa jirani, na mzee alipouona mweusi vile akagoma kabisa kupanda, akasema yeye si gunia. Ikabidi utandikwe shuka. Kufikia hapo saa nane ilikuwa imeshapita, na Fundi Mdogo alikuwa anarukaruka kama anayehitaji kwenda msalani.

Wakaondoka. Mzee amekaa wima juu ya mkokoteni, kofia kichwani, koti mapajani, binti akisukuma kwa nguvu zake zote. Watu walitoka milangoni, kweli, lakini si kama alivyowaza. Kinyozi akauliza Mzee Kifungo anapelekwa sokoni kwa bei gani. Wanawake waliokuwa bombani wakaziba midomo kwa kanga. Hakuna aliyewafuata. Walikuwa wameshaisikia hadithi hiyo miaka kumi na miwili na hawakuona sababu ya kuitembelea.

Mbele ya kituo cha mabasi gurudumu likaingia kwenye shimo, mkokoteni ukakwama. Karani akatoka ofisini na kalamu zake mbili, akauliza mzee anaumwa nini.

"Siumwi," Fundi Mkubwa akamjibu. "Naenda kukuonyesha kifungo chako."

Karani akasimama akiwatazama, baba juu ya mkokoteni, binti chini na tope hadi magotini. Akaona koti lake. Akasema amechoka na jambo hili, na kwamba leo ataliua mbele ya macho yao wote wawili ili asilisikie tena hadi kufa kwake. Akafunga dirisha la tiketi, akatundika kibao, akainama, akaliondoa gurudumu shimoni. Na kwa kuwa njia ya bwawani ina mlima, na mlima haujui nani ni karani na nani ni fundi, haukupita muda naye akawa anasukuma, shati limemganda mgongoni. Mzee akawa anawaelekeza juu kwa juu: kushoto, kulia, jiwe hilo.

Walifika saa kumi kasorobo. Jambo la kwanza Fundi Mdogo aliloliona ni moto, na juu ya moto sufuria kubwa, na pembeni panga. Mlinzi akawahi kujitetea kwamba ni maji ya chai. Hakuna aliyemuuliza chai gani inahitaji panga, kwa sababu binti alikuwa ameshaangalia tangini, na kambare alikuwepo.

Wakamshusha mzee, wakamkalisha kwenye ukingo wa tangi. Alivua kofia. Akaingiza mkono majini, akausubirisha, na baada ya muda kambare akapita taratibu chini yake, akaguswa kichwa, akaguswa mgongo, na vidole vya mzee vikasimama kwenye kifungo. Akamwomba binti futi, wakaishusha majini pamoja, mmoja akishika kichwani, mwingine mkiani.

"Hamsini na mbili," mzee akasema. "Ameongezeka inchi tatu." Alisema kwa sauti ya mtu anayemsifia mjukuu.

Karani alichukua koti lake, akachuchumaa, akakisogeza kifungo cha tano karibu na maji hadi cha koti na cha kambare vikawa vinatazamana. Akavitazama kwa muda mrefu. Mtu huyu kazi yake ilikuwa kulinganisha tiketi na abiria, na hapa hapakuwa na la kupinga. Shingo ilimwiva.

"Mzee," akasema, "nilikuvunjia heshima."

Fundi Mkubwa akamwambia ni mambo ya kawaida, hata yeye mwenyewe angekuwa karani asingeamini. Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujisumbua kuyafuta, na binti yake, aliyekuwa akingoja siku hii bila kujua kwamba anaingoja, alipiga magoti kando yake, akasema lile aliloliahirisha, akalisema mbele ya karani na mlinzi, kwamba alicheka, na anaomba radhi. Mzee akamwekea mkono wenye maji kichwani.

Ndipo Fundi Mdogo alipokata shauri, au alidhani amekata. Akasimama, akasema samaki huyu haondoki. Atamkausha, atamtundika dukani juu ya cherehani, kifungo na vyote, na kila aliyewahi kutamka Mzee Kifungo kwa dharau atakuja kumtazama mpaka shingo imuume. Alikuwa anaongea haraka, mikono inachora hewani ukubwa wa msumari atakaoutumia. Ataiosha aibu ya miaka kumi na miwili kwa siku moja. Mlinzi akaunga mkono sana, akasema vipande vya pembeni anaweza kubaki navyo yeye.

Karani alikuwa na wazo jingine. Kifungo kitolewe, kirudi kwenye koti, koti likamilike, na samaki afanywe watakavyo. Fundi Mkubwa akamtazama karani, akalitazama koti, na uso wake ukaonyesha tamaa, maana katika miaka arobaini ya kazi, ile ndiyo nguo pekee aliyoiacha bila kuimaliza.

"Baba, sema wewe," binti akamwambia.

"Samaki ni wako. Wa kwangu nilishamwachia."

"Basi niambie kwa nini ulimwachia. Hujawahi kusema."

Mzee akaingiza tena mkono majini. Mlinzi akachungulia saa yake, akasema zimebaki dakika nane.

"Nilikuwa na furaha," Fundi Mkubwa akasema. "Hakuna kingine. Nilimshika hivi, nikafurahi kuliko siku zote za maisha yangu, na nilipochukua rungu mkono haukutaka. Sasa mtu utamwambiaje mteja wako maneno kama hayo? Nikanyamaza."

Fundi Mdogo akalikumbuka rungu lake mwenyewe lilivyobaki hewani saa sita mchana. Alikuwa amejiambia kwamba ni kifungo kilichomzuia. Akajiuliza kwa haki, pale pale, kama kifungo kisingekuwepo angepiga, na akaona kwamba hakuwa na hakika. Alimtazama kambare. Akamwona dukani, mkavu, mweusi, macho yamebonyea, nzi, wateja wakimzoea baada ya wiki mbili na kutundika miavuli kwenye mapezi. Na baba benchini chini yake, akimtazama kila siku. Aliona vizuri kabisa kwamba watu watanyamaza, na kwamba baba hatafurahi. Ukweli ni kwamba alitaka vyote viwili, mtaa unyamaze na baba afurahi, na dakika zilizobaki zilitosha kimoja tu. Aliuma meno. Ilimuuma kweli, msidhani alifanya kirahisi.

"Nipe sindano," akasema.

Mzee akaichomoa ukosini. Binti akakata kipande cha mshipi kwa meno. Karani, bila kuambiwa, alivua viatu, akakunja suruali, akaingia tangini hadi kiunoni, kalamu zake mbili zikiwa bado mfukoni, akamkumbatia kambare na kumwinua kidogo mgongo uonekane. Kambare akampiga mkia mmoja wa usoni. Karani akavumilia.

Fundi Mdogo hakukitoa kifungo. Alipitisha sindano kwenye tundu lile lile la baba yake, akaenda tundu la kwanza, akarudi. Tundu la pili, akarudi. La tatu. Mshono ulinyooka.

"Zungusha shingoni," mzee akasema.

"Nazungusha, Baba."

"Mara tatu."

"Nne."

Mzee akainama, akavaa miwani, akaukagua mguu wa kuku kama alivyokagua kila kitu kilichotoka dukani kwake. Binti alingoja. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kusikia kutoka kwa mtu yule zaidi ya "haya, pita."

"Huu ni mzuri kuliko wangu," Fundi Mkubwa akasema.

Wakambeba kwa gunia lililolowa, karani kichwani, binti mkiani, mlinzi katikati akiwa na huzuni ya sufuria, wakapanda ngazi za ukuta hadi upande wa bwawa. Mzee alikaa pale pale akipiga kelele wasimkwaruze. Gunia likafunguliwa kwenye maji. Kambare hakuondoka mara moja. Alikaa mikononi mwa Fundi Mdogo kiasi cha kuvuta pumzi mbili, kisha akajipinda mara moja, nguvu yake ikampitia mikononi hadi mabegani, akaenda. Kifungo kilionekana kidogo, kahawia, kisha maji tu. Fundi Mdogo akaruka juu kwa miguu yote miwili, akapiga makofi, akamkumbatia karani bila kufikiri, na karani, amelowa chapachapa, akacheka kwa mara ya kwanza ambayo mtu yeyote aliweza kukumbuka. Chini yao mlinzi alikwenda kufungua maji ya mji. Saa kumi na dakika moja.

Karani alichukua koti lake siku ile ile. Alisema ameliagiza na ni lake, vifungo vitano vinatosha. Akalivaa pale pale juu ya shati lililolowa, na mzee akamvuta karibu na mkokoteni, akamnyoosha mabega, akasema limemkaa.

Kesho yake alilivaa kazini, joto likiwa kali. Abiria wa kwanza akamuuliza kifungo cha chini kimeanguka wapi. Karani hakuwahi kudanganya mtu kuhusu hata saa ya basi kuondoka. Akamweleza vizuri kabisa, tangi, futi, inchi hamsini na mbili, nyuzi tatu kutoka tundu moja. Abiria akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akamwita kinyozi. Mlinzi wa bwawa akaja kumtetea, akaapa kwamba samaki alikuwa na uzito wa ng'ombe, na hilo ndilo lililommaliza kabisa karani. Siku ya tatu wapiga debe wote walikuwa wakimwita Karani Kambare, na waliomfahamu vizuri walikuwa wakiuliza, kwa sauti ya chini, kama nyumbani kwake kuna matatizo.

Siku ya nne alitokea dukani mchana, koti limefungwa vifungo vyote vitano, uso umemwiva. Fundi Mdogo alikuwa anashona kifungo cha sare ya shule, kwa nyuzi tatu, bila kuamrishwa na mtu. Karani akasimama mbele ya mzee, akasema watu wa mji huu hawana akili. Akasema ameona kwa macho yake. Akasema alimshika kwa mikono yake hii, na wanamcheka, yeye, aliyewahesabia tiketi miaka ishirini bila kukosea. Akataka kujua mtu anafanyaje.

Fundi Mkubwa alisogea taratibu hadi mwisho wa benchi, akapangusa nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Kaa," akamwambia. "Mwaka wa kwanza ndio mgumu."